Rufaa si Ruhusa ya Kutotii: Hotuba kwa Madiwani na Watendaji, Tabora

Waheshimiwa madiwani, ndugu wakuu wa idara, ndugu watendaji wa kata na wa vijiji, wazee wetu wenyeviti wa vijiji, mahakimu na mawakili mliopo, na wananchi mliokuja kutoka Nzega, Urambo na Kaliua, pamoja na walioshuka treni ya Kigoma: wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni mgawanyo wa madaraka. Mada hii ikiachwa juu juu inakuwa somo la uraia la sekondari: mihimili mitatu, Serikali, Bunge na Mahakama, basi, tunafunga daftari. Leo naomba tuiteremshe mpaka masjala ya halmashauri, kwenye meza ya karani anayepokea barua, kwa sababu huko ndiko amri nyingi za mahakama zinakofia. Ni nadra kiongozi kusimama hadharani akatamka kwamba hatatii mahakama. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba amri inapokelewa, inagongwa muhuri, inaingizwa kwenye faili, na greda linaendelea kuchonga barabara katikati ya kiwanja kilichowekewa zuio.

Katiba kwanza, kwa ufupi. Ibara ya 4 ya Katiba ya 1977 inagawa mamlaka ya nchi kwa vyombo vya utendaji, vyombo vya kutoa haki na vyombo vya kutunga sheria. Mgawanyo wetu hauna ukuta mnene. Mawaziri wetu ni wabunge, Rais ni sehemu moja ya Bunge, na majaji wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mihimili inagusana sana, na anayesema haigusani hajaisoma Katiba. Ila kuna sehemu moja ambayo Katiba haikuacha mlango wazi, nayo ni uamuzi wa shauri. Ibara ya 107A, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 2000, inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki. Ibara ya 107B inawapa majaji na mahakimu uhuru wao. Na ibara ya 26 inamtaka kila mtu kufuata na kutii Katiba na sheria za nchi. Humo wamo mkuu wa mkoa, mkurugenzi, na mtendaji wa kijiji.

Kuwa na kauli ya mwisho hakuna maana kwamba hakimu hakosei. Hakimu anakosea, na jaji anakosea pia. Lakini kosa la hakimu linasahihishwa na jaji, na kosa la jaji linasahihishwa na Mahakama ya Rufani. Halisahihishwi na afisa aliyeshindwa kesi.

Chukueni shauri la mwanaharakati Bob Wangwe. Tarehe 10 Mei 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba wakurugenzi wa halmashauri hawafai kusimamia uchaguzi kwa namna sheria ilivyokuwa. Serikali haikuridhika, ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Wapo walioumia na matokeo hayo, na wana haki ya kuumia. Lakini kwa suala tunalojadili leo, njia iliyopitwa ilikuwa halali. Kukata rufaa ni kutii. Kukaa na hukumu mkononi bila kuitekeleza na bila kuikatia rufaa, hapo ndipo lilipo tatizo.

Na tusidhani kwamba Serikali yetu haijawahi kutii uamuzi unaouma. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyetaka kuishtaki Serikali alipaswa kwanza kupata ridhaa ya Serikali yenyewe. Fikirini hilo: anayelalamikiwa ndiye anayeamua kama alalamikiwe. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun lililotoka Arusha, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti hilo linakiuka Katiba. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa. Ridhaa ikaondoka, ikaja notisi ya siku 90 tunayoitumia mpaka leo. Hii ndiyo sura nzuri ya mihimili mitatu ikifanya kazi: Mahakama ilionyesha kasoro, Bunge likaandika upya, Serikali ikaanza kufuata utaratibu mpya, na hakuna mhimili uliovunjika.

Shauri jingine linatuhusu zaidi sisi watu wa vijiji vya Tabora na Kigoma, kwa kuwa linatokana na Operesheni Vijiji, ile ya miaka ya 1970 ya kuhamishia watu vijijini, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishiwa vijijini. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walishinda kesi Arusha, wakarudishiwa shamba walilokuwa wakilimiliki kimila. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria iliyofuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni, ikasimamisha mashauri yaliyokuwa mahakamani, na ikakataza hukumu zilizokwisha kutolewa zisikazwe (zisitekelezwe). Yaani mtu ana hukumu mfukoni, na sheria inamwambia karatasi hiyo haina kazi tena. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa miongoni mwa majaji watatu walioketi, ilikataa. Ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba kuwafungia watu milango ya mahakama kunakiuka Katiba. Ndugu watendaji, kila mnapokutana na mzee anayesema shamba hili lilikuwa letu kabla ya operesheni, kumbukeni shauri hilo kabla ya kumjibu kwamba mambo hayo yalikwisha zamani.

Sasa nije kwenye yale yasiyokwenda vizuri, maana hayo ndiyo yanayotufundisha zaidi.

Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu akitaka mgombea binafsi aruhusiwe. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, akiwa Dodoma, akampa haki yake. Serikali ikaonyesha nia ya kukata rufaa, lakini mwaka huo huo Katiba ikabadilishwa ili mgombea lazima atokane na chama. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge, si la mahakama. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake pale pale Arusha, ikatamka kwamba Tanzania imekiuka haki. Uchaguzi wa 2015 ukafika, ukapita, na wa 2020 pia, bila mgombea binafsi. Novemba 2019 nchi yetu ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Kuondoa tamko kuliufunga mlango kwa watakaokuja, ila hakukufuta hukumu zilizokwisha kutolewa. Naona uchungu kulisema hili, kwa sababu sisi ndio wenyeji wa mahakama ile.

Shauri la mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, nitakaa nalo kidogo, kwa kuwa lina kipengele kinachowachanganya hata wanasheria. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakiuka Katiba. Vifungu hivyo viliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Mahakama haikuvifuta hapo hapo. Iliipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 rufaa ikatupwa. Miaka mitano mingine ikapita na vifungu vile vile vikiwa vimechapwa kwenye kitabu cha sheria.

Sasa swali la afisa: je, leo vifungu hivyo ni halali au si halali? Jibu liko kwenye ibara ya 30(5). Mahakama Kuu ikiipa Serikali nafasi ya kurekebisha, sheria inahesabiwa kuwa halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uliowekwa uishe, na kati ya hayo mawili kinachozingatiwa ni kile kinachotangulia. Muda ulikwisha, na rufaa ilikwisha. Afisa anayesajili ndoa, au mtendaji wa kata anayeombwa barua ya utambulisho kwa ajili ya binti wa miaka 15, hawezi kujitetea kwamba kitabu bado kinasema hivyo. Kitabu kimechelewa kuchapwa upya, Katiba haijachelewa. Hapa Bunge lina deni, na watumishi wa chini wanabebeshwa aibu ya deni hilo.

Tuache Dodoma na Arusha, turudi nyumbani. Amri ya mahakama ikifika halmashauri, inafanyiwa nini?

Kwanza inapaswa kuandikwa saa iliyopokelewa, si tarehe tu. Amri ya zuio inamfunga mtu tangu alipoijua, na wakili wa upande wa pili atakuja na kiapo cha mpeleka hati kikionyesha alipokewa saa nne na robo asubuhi na nani. Kama nyumba ilibomolewa saa nane mchana wa siku hiyo, hakuna wa kuuliza kama mlijua. Karani wa masjala afundishwe jambo hili moja: hati yenye muhuri wa mahakama haipangi foleni na mialiko ya semina. Inapelekwa kwa mkono kwa mwanasheria wa halmashauri na nakala kwa mkurugenzi, siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana.

Pili, mwanasheria aisome mpaka mwisho na aandike kwa Kiswahili rahisi, nusu ukurasa, nini kimeamriwa, kwa nani, na mpaka lini. Amri nyingi zinatoka kwa Kiingereza, na mtendaji wa kijiji anayetakiwa kuitekeleza anaisikia kwa mdomo kutoka kwa mtu aliyeisikia kwa mdomo. Ikifika kijijini, “msiendelee na upimaji” imekuwa “endeleeni polepole”. Nusu ukurasa huo upelekwe kwa kila anayeweza kuvunja amri bila kujua: afisa ardhi, mhandisi, mkandarasi mwenye greda, mgambo, mwenyekiti wa kijiji. Mkandarasi anasahaulika mara zote, na ndiye mwenye mashine.

Tatu, lichaguliwe moja kati ya mambo matatu, na lichaguliwe kwa maandishi. Kutii. Au kukata rufaa na kuomba utekelezaji usimame. Au kurudi mahakama ile ile kuomba ufafanuzi kama amri haieleweki. Njia ya nne haipo. Kuna wanaosema “tunasubiri maelekezo kutoka juu”. Maelekezo kutoka juu hayawezi kutengua amri ya mahakama, na anayesubiri wakati siku zinahesabiwa ameshaanza kuvunja.

Na hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote linapofanyika. Watu wanaamini kwamba wakishakata rufaa, hukumu imelala. Haijalala. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani inawasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi hiyo. Lakini notisi peke yake haisimamishi chochote. Anayetaka utekelezaji usimame lazima awasilishe maombi mahususi, na kwa kanuni za Mahakama ya Rufani anatakiwa kufanya hivyo ndani ya siku 14 tangu alipopewa taarifa ya kukazwa kwa hukumu au alipoijua. Ni hivyo hivyo kwa uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45, na ndani ya siku hizo aliyeshinda anaweza kuomba kukaza hukumu. Ukikaa ukisema “tumekata rufaa” bila kuomba zuio la utekelezaji, dalali wa mahakama akija na amri mkononi, yeye ndiye mwenye sheria.

Kuna tatizo la fedha, nalo halizungumzwi vya kutosha kwenye mabaraza ya madiwani. Tuseme halmashauri imeshindwa kesi na kuamriwa kulipa shilingi milioni 80. Mali ya Serikali haikamatwi wala kupigwa mnada kukaza hukumu, na wapo wanaoichukulia kinga hiyo kama likizo. Lakini deni la hukumu lina riba. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Madai riba hiyo ni asilimia 7 kwa mwaka, na wahusika wakiwa wamekubaliana wazi inaweza kufika asilimia 12. Asilimia 7 ya milioni 80 ni milioni 5 na laki 6 kila mwaka. Mkikaa miaka mitatu ni milioni 16 na laki 8, juu ya deni lenyewe, na hakuna darasa wala choo cha shule kilichojengwa kwa fedha hizo. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Hukumu iliyotoka Novemba ina muda wa kutosha kuingia kwenye makisio ya mwaka unaofuata. Isipoingia, ujue kuna mtu hakuileta kwenye kamati ya fedha, na diwani ana haki ya kumuuliza ni nani.

Sasa kwa heshima zote nizungumzie ofisi za wakuu wa wilaya na wa mikoa, maana wananchi wanazikimbilia kuliko mahakama. Mkutano wa kusikiliza kero ni jambo jema. Tatizo linaanza pale mtu aliyeshindwa kwenye baraza la ardhi anapopewa kipaza sauti, anaeleza upande wake, umati unapiga makofi, na kiongozi anaagiza arudishiwe shamba kuanzia kesho. Aliyeshinda kesi hayupo mkutanoni. Hakuitwa, na hajui kama shamba lake linaamuliwa upya juani. Uamuzi wa namna hiyo hauna nguvu ya kisheria, lakini una nguvu ya mgambo na polisi, na watu wanapigana mapanga kwa ajili yake. Kiongozi anayetaka kumsaidia aliyeshindwa ana mambo ya kufanya: amwelekeze kwenye msaada wa kisheria uliowekwa na sheria ya mwaka 2017, ahakikishe anapata nakala ya hukumu mapema, amweleze siku zake za rufaa. Huo ni msaada wa kweli.

Kuhusu kuweka watu ndani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuagiza mtu akamatwe pale ambapo kuna hatari kwa amani na hakuna njia nyingine ya kuizuia. Sababu ziandikwe, na mtu huyo afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Sheria haikuweka saa 48 kama adhabu. Mtu aliyeuliza swali kali kwenye mkutano, au anayedai hukumu yake itekelezwe, si hatari kwa amani. Anayetumia uwezo huo vibaya anaweza kushtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka chini ya Kanuni ya Adhabu. Hili wengi wa wanaoutumia hawaambiwi siku wanapoapishwa.

Kuna jambo jingine la mgawanyo wa madaraka ambalo mimi naliona ni kasoro ya wazi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011, kamati ya maadili ya mahakimu ngazi ya mkoa inaongozwa na mkuu wa mkoa, na ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya. Hakimu anayeamua leo kwamba mkuu wa wilaya amekiuka zuio, kesho malalamiko dhidi yake yanaweza kupokelewa na mkuu wa wilaya huyo huyo. Sisemi kila mkuu wa wilaya analipiza. Nasema hakimu kijana, mwaka wake wa kwanza Sikonge au Kakonko, hapaswi kuwekwa kwenye mtihani huo. Vivyo hivyo mabaraza ya ardhi na nyumba: sheria ya 2002 iliyaweka chini ya wizara yenye dhamana ya ardhi, wenyeviti wakiteuliwa na waziri, ilhali mashauri mengi yanahusu maamuzi ya maofisa wa ardhi wenyewe. Mahali pake ni chini ya Mahakama.

Wenzangu wa mabaraza ya kata, nanyi sikieni. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yenu katika ardhi ni kusuluhisha. Hamtoi hukumu tena. Mkishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, waacheni waende baraza la wilaya na muwape hati ya kuonyesha kwamba usuluhishi ulijaribiwa. Karatasi yenye kichwa cha habari “HUKUMU” kutoka kata leo ni chanzo cha mgogoro mpya.

Mwananchi naye afanye nini Serikali au halmashauri isipotii? Aanze na ushindi ulio halali, maana wengi wanaukosa kwenye karatasi. Notisi ya siku 90 kwa taasisi anayoilalamikia, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 hilo linahusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri. Asipounganishwa, shauri lote linaharibika, hata kama ungekuwa na ukweli wa kujaza lori. Shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi mtu wa Kasulu au Kibondo alilazimika kulifuata hapa Tabora. Sasa Kigoma ina Mahakama Kuu yake. Kama ubomoaji unakuja kabla siku 90 hazijaisha, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu zuio la muda la kulinda hali ilivyo huku notisi ikikimbia. Msikae mkisubiri siku ziishe na nyumba iko chini.

Ukishinda fedha dhidi ya Serikali, dalali wa mahakama hana kazi hapo. Zikipita siku 21 tangu amri, unaomba mahakamani hati inayothibitisha kiasi unachodai, na hiyo ndiyo inayopelekwa kwa anayepaswa kulipa. Wengi wanaishia kwenye hukumu, hawajui kwamba hati hii ipo, kisha wanalalamika miaka mitano kwamba Serikali haitaki kulipa. Ofisa masuuli, yaani anayeidhinisha malipo ya taasisi, hawezi kulipa kwa kuonyeshwa gazeti.

Akiipokea hati na bado asilipe, au kama amri ilikuwa ya kufanya jambo na hajalifanya, kuna mapitio ya kimahakama: unaiomba Mahakama Kuu imlazimishe mtumishi kutimiza wajibu wake wa kisheria. Hapo pana masharti magumu. Katika shauri la Byombalirwa dhidi ya Mkuu wa Mkoa wa Kagera, lililoripotiwa mwaka 1986, Mahakama Kuu ilieleza kwamba mwombaji lazima aonyeshe alidai wajibu ule utimizwe na akakataliwa. Kwa hiyo andika barua ya kudai, ipeleke kwa mkono, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Bila nakala hiyo utaambiwa hukuwahi kudai. Kisha hesabu siku: maombi ya kibali cha kufungua mapitio hayo yanawasilishwa ndani ya miezi 6, na kibali kikitoka, maombi yenyewe ndani ya siku 14. Nimesema siku 14 kwa sauti kubwa makusudi. Watu wanasherehekea kibali, wanarudi kijijini kuvuna tumbaku, wanakuja siku ya ishirini.

Baada ya hapo kinachobaki ni shauri la kuidharau mahakama, na dharau hiyo haimgusi “Serikali” bali mtu mwenye jina. Anayekiuka zuio katika shauri la madai anaweza kuzuiliwa mali zake na kuwekwa gerezani kama mfungwa wa madai hadi miezi 6. Majirani zetu wameshaliona. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Kenya, katika sakata la Miguna Miguna, ilimtoza waziri wa mambo ya ndani na mkuu wa polisi faini ya shilingi 200,000 za Kenya kila mmoja, baada ya amri za kumwachia kupuuzwa. Juni 2021 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimhukumu Jacob Zuma, aliyekuwa rais wa nchi, kifungo cha miezi 15 kwa kukataa amri ya kwenda kutoa ushahidi. Mtumishi wa halmashauri anayetiwa moyo na bosi wake kuvunja zuio ajiulize bosi huyo ametia saini wapi. Kama aliagiza kwa simu, mtumishi ndiye atakayesimama kizimbani. Omba maelekezo kwa maandishi, na uandike chini yake kwamba kuna amri ya mahakama ya tarehe fulani inayokataza. Maelekezo ya simu yanakuwa machache sana ukifanya hivyo.

Pendekezo langu kwenu madiwani ni moja, na linaweza kuanza kwenye kikao cha robo ijayo. Agizeni mkurugenzi alete daftari la amri za mahakama kila robo mwaka, pamoja na taarifa ya mapato na matumizi. Liwe na namba ya shauri na mahakama iliyotoa, tarehe na saa ya kupokelewa, kilichoamriwa kwa sentensi moja, jina na cheo cha anayepaswa kutekeleza, tarehe ya mwisho, kama kuna rufaa na kama zuio la utekelezaji limeombwa na limetolewa, na kama ni fedha, kiasi kinachodaiwa pamoja na riba mpaka siku ya kikao. Safu ya zuio isiachwe wazi kwa kuandika “rufaa ipo”. Mwanasheria wa halmashauri atie saini kila ukurasa, na amri isiyotekelezwa kwa robo mbili mfululizo iitiwe mkuu wa idara husika aieleze mbele ya baraza, akiwa na faili lenyewe mkononi.